Ni wa 4 kusubiri kiti cha kushoto, na barua ya Ghuba iko mezani. Niondoke?

Mwana wa Ujiji

Wakuu, habari za majukumu. Humu najua wamo marubani, mafundi wa ndege na watu waliozeekea viwanja vya ndege, ndiyo maana nimelileta hapa. Ni refu kidogo, nivumilieni.

Mimi ni rubani msaidizi wa ATR 72, ndege ya abiria ya mapangaboi, miaka 34, naishi Kinyerezi na mke na watoto wawili. Nilianza na ndege ndogo ya Caravan Arusha mwaka 2016, ile kazi ya kupeleka watalii Seronera na Kogatende, ambako unapita chini kwanza kuwatimua swala na nyumbu kwenye kiwanja cha vumbi, unazunguka, ndipo unatua. Mwaka 2019 nikachukuliwa na kampuni niliyopo sasa, sitaitaja. Kitabu changu cha saa leo kina saa 3,700 za kuruka, kati yake 2,400 ni za ATR, zote nikiwa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi.

Kwa wasiojua: kwenye kampuni ya ndege kila rubani ana namba yake katika orodha ya ukongwe, kufuatana na tarehe aliyoingia. Namba hiyo ndiyo inaamua nani anapanda kuwa kapteni, nani anapata likizo ya Desemba, na siku mambo yakiharibika, nani anatoka kwanza. Ukihama, namba huibebi. Hata uwe na saa 10,000, kule unakokwenda unaanzia mkiani.

Mimi ni wa 4 kwenda kiti cha kushoto, yaani cha kapteni. Mwaka 2023 nilikuwa wa 6. Tangu mwaka jana ndege yetu moja imelala uwanjani ikisubiri injini, na ndege ikilala hakuna anayepanda. Mshahara wangu ni milioni 7 na kitu baada ya makato, ukija. Mwaka huu umechelewa mara tatu, mara moja siku 41.

Sasa wiki iliyopita imekuja barua kutoka kampuni moja ya Ghuba, Imarati. Rubani msaidizi wa A320, mshahara mara mbili na nusu ya huu, nyumba juu yao, ada za watoto wanachangia. Mafunzo ya A320 wanalipa wao, lakini nasaini bondi ya miaka mitatu: nikiondoka kabla, nawarudishia gharama kwa miezi iliyobaki. Nimepewa siku 14 za kujibu. Tano zimeshakwisha.

Kinachonishika ni mambo mawili.

La kwanza ni 2020. Aprili tuliitwa wote, tukaambiwa likizo bila malipo. Miezi tisa. Nilifuga kuku wa nyama Chanika, na mke wangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyelipa kodi na kununua unga. Lakini ndege zilipoanza kuruka tena kampuni iliniita, kwa namba yangu ile ile. Rafiki yangu aliyekuwa ameondoka 2019 kwenda kutafuta makubwa huko nje alirudi na begi. Hilo silisahau. Naona kama nina deni.

La pili ni Kigoma. Mimi ni mtoto wa Ujiji. Kwa treni ya reli ya kati ni kama siku mbili kufika Dar, na mvua ikikata njia ni zaidi. Mwezi wa tatu nilimbeba mama mmoja na mtoto wake wa miaka minne anakwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Wakati wa kushuka yule mama alisimama mlangoni akaniuliza kwa Kiha kama mimi ni wa nyumbani. Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Basi tulikuwa mikononi mwa mtoto wetu." Mama yangu mzazi mwenyewe hutoka uani akisikia mapanga ya ATR, na siku nikiwa na rosta ya Kigoma huwa namwambia. Sijui nitaliweka wapi hilo nikiwa nashuka Jeddah au Karachi.

Mke wangu amesema yuko tayari kwa lolote, ila hataki nichague kwa woga. Nimekaa na kauli hiyo siku tano nashindwa kujua woga uko upande gani, wa kwenda au wa kubaki. Naomba ushauri wa watu waliopita njia hii.

Mzee wa Embakasi

Kijana wangu, salamu. Nimestaafu urubani, nilirusha mpaka miaka 65 iliponikuta, maana kwa safari za kibiashara za kimataifa zenye marubani wawili hapo ndipo mwisho.

Baba yangu alikuwa fundi wa East African Airways, uwanja wa Embakasi, Nairobi. Mwaka 1977 lile shirika la nchi tatu lilivunjika, Kenya ikaanzisha lake Januari, Tanzania Machi, na baba akarudi Dar na sanduku la vifaa. Shirika lenye ndege za VC10 zilizokuwa zikienda London! Alikuwa akiamini ni serikali tatu, haliwezi kufa. Wastaafu wa ile Jumuiya ya Afrika Mashariki mmewaona wenyewe, wamefuatilia mafao yao mahakamani mpaka wengine wamezikwa. Nimeanza na hili ili ujue kwamba mimi sikwambii ubaki kwa sababu kampuni ni salama. Nimeiona Air Tanzania ikibaki na Dash 8 moja tu inayoruka, kisha nikaona Q400 mbili zikitua Septemba 2016 na vijana waliokuwa wamekata tamaa wakaanza kutafutwa kwa simu. Nimeiona Fastjet ikija na A319 Novemba 2012, watu wakapanda kwa bei ya basi, na Desemba 2018 ikawa imekwisha. Hakuna aliyeniambia mapema, si ile iliyofufuka wala ile iliyokufa.

Ninachokwambia ni hiki. Ulisema namba haibebeki, na ni kweli. Lakini saa za ukapteni zinabebeka. Saa 500 kiti cha kushoto kwenye ndege ya tani 23 yenye marubani wawili zinakufungulia milango ambayo saa 5,000 za kulia hazifungui. Saa zako za Caravan ulikuwa mkuu, sawa, lakini kampuni kubwa huzitazama kama za ndege ndogo. Ukienda Ghuba leo, utakaa kulia tena miaka kadhaa. Ukienda ukiwa kapteni, hata wakikurudisha nyumbani unarudi kapteni.

Tena umehesabu vibaya. Usihesabu watatu walio mbele yako. Hesabu makapteni waliokaa kushoto. Nani anafika 65 na lini? Nani bondi yake inaisha na ameshaanza kuulizia kazi? Nani afya inamsumbua? Kiti cha kushoto hakitoki kwenye orodha yenu, kinatoka kwa mtu aliyekikalia. Kaa chini na kalamu, halafu njoo uniambie unaona mwaka gani.

Niliyerudi na Begi

Nimesoma nikasema huyu ananizungumzia mimi. Huenda si mimi, tuko wengi.

Niliondoka Dar Agosti 2019. Ndege kubwa, safari ndefu, mshahara niliomtumia mama hata yeye akaniuliza kama ni halali. Juni 2020 ilikuja barua pepe saa nne usiku. Walianza na waliokuwa kwenye majaribio, kisha sisi wa mkiani. Mwaka ule usafiri wa abiria duniani ulianguka kwa karibu theluthi mbili, kwa hiyo siwalaumu, ndege zilikuwa zimepangwa jangwani kama magari ya mnada. Ila nikueleze vitu ambavyo barua ya kazi haikuambii.

Ukaazi wako unafungwa na kazi. Kazi ikiisha, unahesabiwa siku za kuondoka wewe na familia, na shule ya watoto inaishia katikati ya muhula. Mimi nilikuwa nimechukua mkopo wa gari mwezi wa pili. Malipo yangu ya mwisho yalipoingia, benki iliyashikilia yote kufidia mkopo, nikaazimwa nauli na Mkenya mmoja tuliyesoma naye darasani. Kiinua mgongo sikupata, kwa sababu huko nilikokuwa lazima utimize mwaka na mimi nilikuwa na miezi kumi. Imarati kwenyewe sheria ni siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na mwaka mmoja ndio mlango. Na hakuna chama cha wafanyakazi cha kukusemea. Huko hakuna mgomo.

Jambo jingine: A320. Ni ndege nzuri, imejaa dunia nzima. Lakini nyumbani ukirudi leo wanatafuta watu wa Q400, ATR, A220, 737 MAX na 787. Cheti cha A320 hakikuruhusu kukalia hata moja ya hizo, A220 ikiwemo, ingawa A320 na A220 zote mbili zinaitwa Airbus. Utalipa mafunzo upya au utasaini bondi nyingine.

Baada ya kusema yote hayo, Mzee wangu wa Embakasi aniwie radhi, mimi nasema nenda. Uliza kwanza: ukipewa ukapteni hapo, si watakusainisha bondi nyingine? Kampuni inayochelewesha mshahara siku 41 ikufunge miaka miwili? Mimi nilianguka kwa sababu niliishi kama mtu ambaye hawezi kufukuzwa. Nikipata tena nafasi nitakwenda, lakini sitanunua gari mpaka niwe na mshahara wa miezi sita umelala benki ya Tanzania. Na leseni ya TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, usiiache ikalala hata siku moja, wala cheti cha afya. Mimi ilinichukua miezi kumi na minne kurudi kuruka, na sehemu kubwa ilikuwa ni kufufua makaratasi.

Mwana wa Ujiji

Mzee wangu shikamoo, na wewe kaka uliyerudi, asante sana kwa kusema wazi.

Bondi ya ukapteni ipo. Miaka miwili kuanzia siku ninayomaliza mafunzo ya kushoto. Nilikuwa sijaiweka kwenye hesabu, na sasa naona ni kosa kubwa.

Mzee, nimefanya ulivyoniagiza. Makapteni tuko nao 14. Wawili watafika 65 ndani ya miezi 18. Mmoja anasemwa anaondoka. Lakini ndege moja ikiendelea kulala, wakiondoka hao watatu kampuni haitahitaji kujaza nafasi zao zote. Nikihesabu kwa moyo mzuri nakaa kushoto baada ya miaka miwili. Nikihesabu kwa ukali, mitatu. Ongeza bondi miaka miwili. Nitakuwa na miaka 38 au 39 siku nitakapokuwa huru.

Fundi wa Wilson

Jirani, hujambo. Mimi niko Nairobi, ni fundi wa injini, nimefanya kazi kwa kampuni nne na mbili kati yake hazipo tena.

Nyinyi marubani mnaangalia orodha. Sisi mafundi tunaangalia vitu vingine, na mara nyingi tunajua mapema. Nikuulize. Je, mafuta siku hizi mnalipia taslimu kabla ya kujaza? Je, ile ndege iliyolala, bado ina vipuri vyake au vinanyofolewa kutumika kwenye zile zinazoruka? Zamu zenu za simuleta, ile mashine ya mazoezi ya kurusha ndege, za kila miezi sita, mnapelekwa kwa wakati au zinasogezwa mpaka siku ya mwisho? Hoteli mnazolala mkiwa safarini, bado wanawapokea vizuri au kuna siku mmeambiwa mjilipie, mtarudishiwa? Jetlink hapa kwetu ilisimamisha safari Novemba 2012, pesa zake za tiketi zikiwa zimekwama Sudan Kusini. Ilikuwa na abiria, ndege zilikuwa zinajaa. Kampuni ya ndege huuawa na ukosefu wa pesa mkononi, hata viti vikiwa vimejaa.

Na kitu cha mwisho. Mwaka 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma Novemba, na moja ya mambo makubwa waliyogomea lilikuwa michango ya mfuko wao wa akiba ya uzeeni iliyokuwa imesimamishwa. Wewe michango yako inapelekwa? Usiangalie karatasi ya mshahara, hiyo inaonyesha kwamba umekatwa tu. Nenda ofisi ya mfuko wenyewe uone kama imefika.

Mama Wawili wa Goba

Kaka yangu, mimi si rubani. Mume wangu yuko Doha mwaka wa tano. Nataka kusema machache kwa niaba ya mkeo, ingawa yeye mwenyewe ameongea vizuri kuliko mimi.

Nyumba tumejenga. Watoto wanasoma vizuri. Lakini mtoto wetu mdogo akiumwa usiku huwa anauliza baba yuko juu au chini, maana amezoea kwamba baba akiwa juu hapokei simu. Ukienda, nenda na familia, hata kama ada watakayochangia haitoshi. Sisi tulisema mimi nitabaki mwaka mmoja kusimamia ujenzi. Ule mwaka haujaisha mpaka leo.

La pili, ulizia bima ya kupoteza leseni. Shemeji yangu, naye rubani, daktari alimsimamisha akiwa na miaka 41 kwa ajili ya moyo. Ni mtu mzima, anatembea, anaendesha gari, lakini kuruka basi. Kampuni ilikuwa salama kabisa, ilikuwepo na ipo. Yeye ndiye hakuwa na bima. Sasa anauza vifaa vya ujenzi Tegeta na anafanya vizuri, namshukuru Mungu, lakini miaka mitatu ya kwanza ilikuwa ya machozi. Hilo ni la kuuliza pande zote mbili, unapokwenda na ulipo.

Mwana wa Ujiji

Nimechelewa kurudi. Zimebaki siku mbili.

Fundi wa Wilson, ulinikosesha usingizi. Mafuta, ndiyo, viwanja viwili tunalipa kabla. Ndege iliyolala, rafiki yangu wa karakana hakutaka kunijibu, akanitazama tu. Jana nilikuwa na mapumziko, nikaenda NSSF. Michango yangu ya miezi saba haijafika. Karatasi zangu za mshahara za miezi hiyo zote zinaonyesha nimekatwa. Nilikaa kwenye gari pale nje kama nusu saa kabla ya kuwasha.

Lile deni la 2020 nililosema naona ninalo, nimelifikiria upya. Waliniita kwa namba yangu, kweli, na nitawashukuru daima. Lakini tangu wakati ule nimefanya kazi miaka yote hii sikukosa zamu hata moja, nimeruka Songwe kwenye ukungu, nimeruka Krismasi tatu. Nadhani tumelipana.

Leo asubuhi nilimwendea mkuu wa marubani. Nimemheshimu tangu aliponifundisha kutua Bukoba upepo ukitoka ziwani. Nikamwomba aniandikie lini nitakaa kushoto. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hawezi kuandika tarehe ambayo yeye mwenyewe haijui. Hakunidanganya, na kwa hilo namshukuru. Nikamwuliza, ningekuwa mwanao? Akasema nisimuulize hivyo ofisini.

Mzee wa Embakasi, najua ushauri wako ulikuwa kushoto kwanza, na kama ndege zingekuwa zinaruka zote na mishahara inakuja ningekufuata bila kufikiri mara mbili. Nimewaandikia Ghuba. Nimewaomba mambo matatu: tarehe ya kuanza isogee ili nimalize notisi, maana mkataba wangu hapa unadai miezi mitatu wakati sheria inataka siku 28 tu; niandikiwe bima ya kupoteza leseni inalipa kiasi gani; na bondi iseme wazi kwamba wakiniachisha wao, sidaiwi. La kwanza na la tatu wamekubali kwa maandishi. La bima wametuma kitabu cha kurasa 60, mke wangu anakisoma sasa hivi mezani na kalamu nyekundu.

Kiinua mgongo sitapata, kwa sababu naacha mwenyewe. Wangeniachisha wao ningelipwa siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka. Michango ya NSSF ya miezi saba nimeidai kwa barua, nakala kwa NSSF wenyewe, na nimewaambia marubani wenzangu wote wakaangalie ya kwao. Wanne wamekwenda leo.

Familia tunakwenda wote, dada wa Goba. Gari hatununui.

Barua ya notisi nimeiandika, naipeleka kesho. Rosta ya wiki ijayo imetoka usiku huu na Jumanne nina Kigoma, kutua saa nne na robo asubuhi. Mama nimeshampigia simu. Sijamwambia bado habari ya barua, nimemwambia tu atoke uani.